Kwa nini matapeli wa cheki hupenda kuja Ijumaa jioni?

Je, wajua kwa nini tapeli wa cheki akilenga duka huchagua Ijumaa jioni? Ukiwa na hadiwea Kondele ama agroveti pale Nakuru, anakuja jamaa amevaa vizuri, anataka simiti na mabati ya kujaza kenta (lori dogo) nzima, habishani bei (hio peke yake ingefaa ikushtue), alafu anakwambia cheki ashaiweka kwa akaunti yako. Unaangalia simu, kweli SMS ya benki iko na balansi imepanda.

Lakini hio pesa bado si yako. Benki imeandika tu kwamba imepokea cheki, sasa picha yake lazima iende kliaringi, benki ya aliyeiandika iangalie kama akaunti iko na pesa, kama saini ni yake, kama akaunti yenyewe haikufungwa kitambo. Kwa kawaida hio ni siku moja ya kazi, na wikendi haihesabiki, kwa hivyo ya Ijumaa jioni unaweza kuambiwa imebaunsi, yaani imekataliwa, Jumanne na mzigo ushauzwa Busia. Ukipigia benki usiulize kama pesa imeingia, uliza kama cheki imekliar.

Na sheria? Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema ukiandika cheki ukijua akaunti haina pesa ya kutosha ama ilifungwa, ni faini isiyozidi shilingi 50,000 ama jela isiyozidi mwaka mmoja, ama zote mbili. Wengi hawajui kwamba ile ya pesa kutotosha haishiki cheki ya tarehe ya mbele. Ukikubali cheki ya mwezi ujao umemkopesha mtu, na ikibaunsi mara nyingi utaambiwa ni deni, mkadaiane kortini.

Hapa ndio naona polisi jamii wana kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama pamoja, tuliletewa 2013 tukafikiria ni ya magaidi na wezi wa ng'ombe tu, lakini tapeli wa cheki anategemea kitu kimoja, kwamba aliyetapeliwa atanyamaza kwa aibu, ndio kesho aingie duka la tatu kutoka hapo na kitabu kilekile cha cheki. Wenye maduka wakikaa na OCS (mkuu wa kituo cha polisi) kwa baraza la chifu, wakiwa na grupu moja ya WhatsApp na afisa ndani, namba ya ile kenta inajulikana mtaa mzima kabla ya saa sita. Mzigo ukishatoka, kuurudisha ni kazi ngumu sana hata kwa polisi mwenye bidii.

Ukitapeliwa, nenda stesheni ya polisi siku hiohio. Beba cheki yenyewe kama imerudi kwako, karatasi ya benki inayosema kwa nini imekataliwa, risiti ya mzigo na namba ya gari, na usitoke bila namba ya OB, kile kitabu polisi huandika ripoti.