Kupunguza nyama mezani: anza na sufuria ya maharage

Familia nyingi zikiamua kula vizuri zaidi huanza kwa kishindo. Nyama inaondolewa mezani, mchele mweupe unapigwa marufuku, sukari inafichwa, na baada ya wiki mbili mambo yamerudi palepale. Ushauri wetu ni mdogo kuliko huo: badili mlo mmoja, mara mbili kwa wiki, na mabadiliko hayo yaanzie kwenye vyakula vya jamii ya kunde kama maharage, kunde, choroko, adesi na mbaazi.

Gramu 100 za maharage yaliyopikwa hutoa takribani gramu 8 hadi 9 za protini, pamoja na madini ya chuma na folati. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na bakuli dogo la maharage lenye gramu 150 linakaribia kutoa 10 kati ya hizo. Shambani pia kuna faida. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya kunde hunasa naitrojeni ya hewani, hivyo zao hilo linahitaji mbolea kidogo ya viwandani, ilhali ng'ombe anapocheua hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani.

Hayo watu wengi wanayajua. Kinachowarudisha nyuma ni jiko: maharage hayakuiva, yalijaza gesi tumboni, au yalikuwa chapwa.

Tuanze na kuiva. Chambua mawe na punje zilizotobolewa, osha, kisha loweka nusu kilo kwenye lita 2 za maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha chumvi kwa saa 8 hadi 12. Imani kwamba chumvi hufanya maharage yagome kuiva imeenea sana, lakini si sahihi. Wakati wa kuloweka, sodiamu huchukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu na magnesiamu zinazolifanya ganda liwe gumu, na ganda hulainika mapema. Kukiwa na joto kali, lowekea kwenye friji, la sivyo utakuta povu na harufu ya uchachu asubuhi. Maji hayo yamwage na usuuze punje. Chumvi nyingi itaondoka nayo.

Weka maji mapya yafunike maharage kwa kina cha vidole vitatu, kisha chemsha kwa moto mkali. Hapa pasirukwe. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili aina ya lektini. Punje 4 au 5 mbichi zinatosha kumfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa chache. Sumu hiyo huharibiwa na maji yanayotokota kwelikweli kwa walau dakika 10. Sufuria ikiwa imejaa, fanya 30 uwe na uhakika. Jiko la umeme la kupikia polepole huenda lisifikie joto hilo, kwa hiyo usiweke humo maharage ambayo hayajachemshwa kwanza. Baada ya hapo punguza moto na upike saa moja hadi moja na nusu. Kwa sufuria ya presha, dakika 10 hadi 15 tangu presha ipande zinatosha kwa maharage yaliyolowekwa, ila usiijaze kupita nusu, maana povu huziba tundu la mvuke.

Kupima, chota punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria na uzibonyeze kwa ulimi kwenye kaakaa. Hata moja ikiwa na kiini kigumu, endelea kupika. Yakigoma kabisa, sababu huwa mojawapo ya tatu: nyanya, limau au siki vimetiwa kabla hayajalainika, maji yana chokaa nyingi, au maharage ni ya zamani na yamekaa kwenye joto na unyevu. Soda ya kuokea, robo kijiko cha chai kwa lita ya maji, husaidia. Ukizidisha unapata ladha ya sabuni na kupoteza vitamini B1.

Gesi hutokana na sukari ambazo utumbo mdogo hauwezi kuzivunja, zikafika utumbo mpana na kuchachushwa na bakteria. Kumwaga maji ya kuloweka hupunguza kiasi. Dawa hasa ni kwenda taratibu: vijiko vitatu vya chakula kwa mlo, ukiongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu.

Kwa nyumba isiyotaka kusikia habari ya kuacha nyama, changanya. Kwenye mchuzi wa nusu kilo ya nyama ya kusaga, tumia gramu 300 za nyama na gramu 200 za adesi za kahawia zilizopikwa. Adesi hazihitaji kulowekwa. Chemsha dakika 20 hadi 25, uziepue zingali na umbo, uzichuje vizuri, na uzitie mwishoni. Zikitangulia, mchuzi unakuwa uji. Ladha iliyopungua irudishe kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia, nyanya zilizokaangwa hadi mafuta yakajitenga, na uyoga. Usiirudishe kwa chumvi: kikomo cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote.

Chuma cha kwenye kunde hufyonzwa vizuri zaidi mlo ukiwa na vitamini C, kwa mfano chungwa au pilipili hoho mbichi. Chai na kahawa huzuia, hivyo zisubiri saa moja baada ya kula.

Nusu kilo ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo moja yaliyopikwa, kwa hiyo pika mara moja ule mara kadhaa. Yapooze kwenye vyombo vifupi na uyaingize kwenye friji ndani ya saa mbili. Yatumike ndani ya siku 3 hadi 4. Yanayobaki yagandishe kwa mafungu ya mlo mmoja pamoja na maji yake kidogo, ukiacha nafasi juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka.

Mwenye ugonjwa wa figo azungumze kwanza na daktari wake, kwani kunde zina potasiamu na fosforasi nyingi. Na anayeacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa anahitaji vitamini B12 kutoka kwenye vyakula vilivyoongezewa virutubishi au vidonge, kunde hazina.