Bahari ya Pangani haijakauka

Lalamiko la wageni kwamba bahari ya Pangani imekauka nimelisikia tena juzi Jumamosi, na safari hii limenishinda kunyamaza. Familia ilitoka Dar es Salaam, ikalala Tanga, asubuhi ikashuka hizi kilomita hamsini hivi mpaka kwetu. Walifika saa nne. Watoto walikuwa na nguo za kuogelea tangu garini. Mama akavua viatu, akavishika mkononi, akatazama mbele: tope la kijivu limetanda, ngalawa zimelala ubavu, na maji yako kule mbali kama uzi. Akanigeukia akasema, "Kaka, mbona bahari yenyewe imekauka?" Nikamwambia, dada, subirini, saa kumi maji yatafika hapa uliposimama. Hawakusubiri. Saa sita gari limeshageuzwa, na jioni nikatumiwa walichoandika mtandaoni: Pangani hakuna kitu, ni mji wa kupita, nusu siku inatosha.

Natembeza wageni mji huu mwaka wa 17 sasa. Maneno hayo nimeyasikia kwa Watanzania, kwa Wakenya, kwa Wazungu, na kwa watu waliozaliwa Tanga mjini ambao wangepaswa kujua. Siku ile ilikuwa ya mwezi mpevu. Mtu akija Pangani saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu na akatarajia kuogelea mbele ya mji, hata mimi siwezi kumsaidia.

Mambo ya maji kupwa na kujaa sitayaeleza upya. Mara mbili yanajaa, mara mbili yanapwa, kila siku yanachelewa karibu dakika 50, basi. Kinachoniudhi ni pale watu wanaposema maji ya pwani "hayatabiriki", kwamba ni bahati yako tu siku utakayofika. Si bahati hata kidogo. Bamvua ya pwani yetu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, ina saa yake, na saa hiyo haihami mwaka mzima. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji hupwa kwenye saa nne asubuhi na hujaa kwenye saa kumi jioni. Mwezi huu ni hivyo, mwezi ujao ni hivyo, na alipokuwa hai babu yangu ilikuwa hivyo. Maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: yanajaa saa nne asubuhi, yanapwa saa kumi jioni, tena hayaendi mbali. Siku za bamvua tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne. Siku za maji mafu ni sehemu ndogo tu ya hiyo.

Kwa hiyo ukitazama juu usiku kabla ya kusafiri, tayari una ratiba yako. Una watoto na unataka waoge asubuhi kisha mrudi Tanga? Njoo mwezi ukiwa nusu. Unataka Maziwe, lile fungu la mchanga huko baharini, au unataka kuona miamba na viumbe vyake? Njoo kwenye bamvua, na uwe umeamka mapema. Tena bamvua yenye nguvu kabisa huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, si siku yenyewe, na kupwa kwake kutakuwa kumesogea kuelekea saa tano. Jambo hili dogo ndilo wenzangu wengi wanaofanya kazi hii hulipuuza, wakampeleka mgeni baharini saa moja kabla ya wakati, au wakamrudisha wakati fungu ndiyo kwanza linaanza kukauka vizuri.

Na hilo tope mnalolidharau, lishukieni. Vua viatu, nenda taratibu. Jumamosi ile ile, familia ilipoondoka, nilishuka peke yangu na fimbo. Hatua ishirini tu kutoka kwenye ngazi kulikuwa na kaa wadogo mamia, kila dume na gando moja kubwa kuliko mwili wake, anapunga, anapunga, ukisogea wote wanazama shimoni kwa pamoja na tope linabaki na vitobo vitupu. Ukisimama kimya ukahesabu mpaka sitini, wanarudi. Karibu na mikoko kuna visamaki vinavyoruka juu ya tope kwa mapezi kama vile vimesahau kwamba ni samaki. Mbele zaidi, kwenye miamba, bamvua ndiyo siku ya watu wa kuchokoa pweza. Mtu mzima anatembea na mti wake, anainama kwenye tundu ambalo wewe huoni lolote, anasubiri, anavuta. Nimemwona mama mmoja akitambua tundu lenye pweza kwa vipande vya magamba ya kaa vilivyotupwa mlangoni. Pweza anakula ndani, takataka anatupa nje. Hayo yote yapo pale pale mlipogeuzia gari.

Lalamiko la pili ni rangi. "Maji machafu." Si machafu, ni mto. Mto Pangani unakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, unapitia bwawa la Nyumba ya Mungu, unapokea maji ya Mkomazi na Luengera kutoka Pare na Usambara, unazungusha mitambo ya umeme Hale na kwenye maporomoko, halafu unafika kwetu umebeba udongo wa mikoa mitatu. Unataka uwe na rangi gani? Mkondo wa bahari yetu unaelekea kaskazini, kwa hiyo udongo huo husukumwa upande wa mji. Vuka mto uende kusini, Ushongo, kilomita kama kumi na tano kutoka Bweni, kijiji cha ng'ambo, utakuta mchanga mweupe na maji ya kijani kibichi yanayoonyesha vidole vyako vya miguu. Ni bahari hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mmoja yuko kaskazini ya mlango wa mto na mwingine yuko kusini yake.

Kuvuka ni kwa kivuko, dakika chache tu, ila foleni ndiyo inaweza kula muda. Gari lenye tumbo la chini usilipeleke wakati maji yamepwa sana kwa sababu mteremko wa kushukia huwa mkali. Daraja la mita 525 la barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga likishaanza kutumika, nusu ya ushauri huu utakuwa hauna kazi. Nalifurahia kwa ajili ya wagonjwa na wanafunzi wa Bweni. Kwa kazi yangu sina hakika. Mtu anayesubiri kivuko huangalia mto, huuliza maswali, hununua madafu. Anayepita juu ya daraja kwa kasi ya themanini atauona mji wangu kwa sekunde ngapi?

Kwenye mlango wenyewe wa mto usiogelee. Hapo sibembelezi mtu. Maji yanapotoka, mto na kupwa vinasukuma upande mmoja, na nimeona vijana wenye nguvu wakipelekwa kama vifuu vya nazi. Juu zaidi kuna mamba, mamba wa kweli.

Sasa Maziwe. Kila mgeni anataka kwenda Maziwe, na karibu kila mmoja anadhani anaenda kwenye kisiwa. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wa aina tatu walipanda kutaga: kasa wa kijani, ng'amba, na yule mdogo wa rangi ya zeituni. Kilitengwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1975. Miaka michache baadaye miti ikawa imekwisha, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilichobaki ni fungu la mchanga, ambalo bamvua ikijaa hulifunika lote. Ndiyo maana saa nne ya kupwa ni dhahabu: unaondoka saa moja na nusu bahari ikiwa bado tulivu, unafika fungu linaibuka, unavaa miwani ya kuzamia unazunguka matumbawe, na unarudi kabla upepo wa mchana haujachachamaa. Ukienda maji mafu, fungu litakauka vizuri jioni tu, na kurudi utarudi na mawimbi usoni.

Kwa miaka mingi niliwaambia wageni kwamba Maziwe ilizama kwa sababu wavuvi walikata mivinje. Ni maelezo mazuri, yana mkosaji na yana funzo. Siku hizi siyasemi hivyo. Miti ilikatwa, ndiyo, lakini bahari nayo ilikuwa inaula mchanga, na wazee wawili waliolala kule wakiwa vijana wananipa mpangilio tofauti wa nini kilitangulia. Sithubutu tena kuliacha shoka libebe lawama peke yake. Kasa wenyewe bado hupanda pale, hawajui kwamba kiota kitazama. Watu wa Ushongo hufukua mayai na kuyahamishia ufukweni kwao, na ukifika siku vifaranga vinapotoka, achana na mipango yako mingine yote.

Magofu na majumba ya mjini nitayapitia haraka, maana hayo hayategemei maji na unaweza kuyaona jua kali la mchana wakati huna la kufanya. Boma lipo, milango ya nakshi ipo, majumba ya Wahindi ya biashara yapo, mengine yanaanguka na inaniuma. Hadithi ya watumwa waliozikwa hai kwenye nguzo za boma utaisikia kwa kila mwongoza wageni. Mimi naisimulia kama masimulizi ya wazee, na nasema hivyo waziwazi. Yale yenye uhakika yanatosha kumtisha mtu: mashamba ya miwa kando ya mto yalilimwa na watumwa, na misafara ya pembe za ndovu iliishia hapa. Agosti 1888 wakala wa kampuni ya Wajerumani alipolazimisha bendera yao, mji uliasi. Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa hapa hapa, akaongoza vita vya pwani. Walimnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Wageni huniuliza kwa nini mji wenye historia hiyo ulibaki mdogo. Nawapeleka ukingoni maji yakiwa yamepwa nawaonyesha fungu la mchanga lililoziba mlango wa mto. Jahazi lilisubiri maji yajae likaingia. Meli kubwa ya mvuke haikuweza. Tanga ina ghuba yenye kina, na mwaka 1893 reli ikaanza kujengwa kule. Mwaka huo huo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliletewa miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikokwe, karibu nasi hapa. Mkonge ulianzia mlangoni petu, utajiri wake ukapandia treni Tanga.

Nirudi kwenye maji, maana lipo jambo nililolijua kwa kuumia. Jedwali la kupwa na kujaa tunalotumia ni la Tanga. Baharini linafaa. Ndani ya mto, hasa masika, lina kasoro: mto ukiwa umefurika, maji huendelea kutoka muda mrefu baada ya saa ya jedwali kupita. Mwezi Mei mwaka mmoja nililiamini, nikawarudisha watu sita kutoka Ushongo nikitarajia maji yatusukume ndani. Tulikuta mkondo bado unatoka, injini ndogo, giza linaingia. Tulikaa nje ya mlango karibu saa mbili, mtoto mmoja akitapika mapajani kwangu. Tangu siku hiyo natupa kifuu majini kwanza nione kinaelekea wapi, ndipo naamua. Na kusi, upepo wa kusini, ikikaza, mwezi wa sita mpaka wa nane, safari za Maziwe ninazozikataa ni nyingi kuliko ninazozikubali. Matlai, kusi ikishatulia, ndiyo majira ya raha, Oktoba na Novemba, bahari kama kioo.

Safari ya mto ninayoipenda kuliko zote ni ile ya jioni ya bamvua. Saa tisa unaingia, maji yanapanda nawe, injini inazimwa na bado boti inaenda juu. Mikoko kwanza, halafu mikoko inaisha na minazi inashika kingo zote mbili. Mdiria anapiga mbizi, furukombe anaita kutoka kwenye mnazi uliokatika kichwa. Maji ya chumvi sasa yanapanda mto mbali kuliko zamani, na wenye mashamba watakuonyesha wapi minazi imeanza kudhoofika. Saa kumi na nusu maji yanasimama kabisa, kama dakika kumi hivi hakuna kinachoelea kinachosogea. Halafu jani moja linaanza kurudi baharini, nasi tunalifuata.

Kwa hiyo ukinipigia simu usianze na bei ya boti. Nitajie tarehe, mimi nitatazama mwezi, halafu nitakwambia utoke Tanga saa ngapi.