Nyiragongo na Nyamulagira: maneno ya mtaani na ukweli wa vipimo

Ardhi ikitikisika tu pale Goma au Gisenyi, miji ya mpakani mwa Kongo na Rwanda iliyo karibu na volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, simu zinajaa voisi za watu wanaosema volkano inalipuka leo usiku. Inaniuma, maana mengi sio kweli na mengine yanaweza kuua mtu.

Kubwa kuliko zote ni hii: eti volkano lazima itoe taarifa siku kadhaa kabla, tukae tusubiri matetemeko. Hapana jamani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka jioni, na watafiti walipokuja kupitia rekodi za seismografu, zile mashine za kupima matetemeko, wakakuta dalili za wazi zilianza kama dakika 40 tu kabla. Dakika 40! Sababu ni kwamba huu mlima ulikuwa na ziwa la lava ndani ya kreta, lile shimo la kileleni, yaani magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ukitoka nje ndo tunauita lava) ilikuwa juu tayari, haikuwa na haja ya kupasua kilomita kadhaa za mwamba ndo itoke, na hayo matetemeko tunayoyasubiri yanaletwa na huko kupasua mwamba. Kwahiyo wanaosema wataalamu wa OVG, kile kituo cha volkano cha Goma, walijua wakanyamaza, hawawatendei haki kabisa. Ndo maana pia tetemeko halitoshi peke yake, inabidi upime na gesi ya salfa inayotoka kreta, GPS zionyeshe kama ardhi inavimba au inaachana, na picha za rada za satelaiti za kabla na baada zilinganishwe.

Ya pili, "lava imesimama, basi imeisha." Mwaka huo huo lava ilisimama ukingoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege, alafu matetemeko ndo yakazidi siku baada ya siku, nyumba na barabara zikapasuka. Magma ilikuwa inasafiri chini kwa chini kuelekea kusini, ikapita chini ya Goma yenyewe hadi chini ya ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei ikatoka amri mitaa 10 kati ya 18 ihame, mamia ya maelfu wakakimbilia Sake, Rutshuru na Rwanda, na magma haikutoka juu. Wengi wakasema tumedanganywa. Mimi nasema uamuzi ulikuwa sahihi, kwasababu hakuna mashine inayokuambia magma iliyo chini ya mji itatoka au itapoa hukohuko, na ingetokea ndani ya ziwa tungekuwa na habari nyingine kabisa. Kivu imebeba kaboni dayoksaidi na methane nyingi mno, na kule Kameruni gesi ya ziwa Nyos iliua watu kama 1,700 mwaka 1986. Ila msigeuze tena mkasema lava ikigusa maji tu ziwa linalipuka, mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma ikaingia Kivu na gesi haikutoka, maana gesi nyingi imekaa kwenye kina kirefu sana.

Kuhusu kuikimbia lava kwa miguu: volkano nyingi inawezekana, hii hapa usijaribu bahati yako. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, ile inayofanya lava iwe nzito kama uji, kwahiyo ni majimaji mno, na Januari 1977 ziwa zima lilimwagika ndani ya muda usiozidi saa moja, kwenye mteremko ikakimbia makumi ya kilomita kwa saa.

Tena sio kila tetemeko ni volkano. Lile la 3 Februari 2008 lililobomoa nyumba Bukavu na upande wa Rwanda, ukubwa 5.9, lilitokana na nyufa za bonde la ufa. Kwenye rekodi yanatofautiana: mwamba ukikatika mstari unaruka ghafla, magma ikitembea mara nyingi unaona mtetemo wa chinichini unaodumu muda mrefu.

Anga kuwa jekundu usiku? Mara nyingi ni mwanga wa ziwa la lava tu, sio mlipuko.

Na mazuku sio pepo wala uchawi. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inatulia mabondeni na mashimoni, haionekani wala hainuki. Ukiona mbuzi au mtu kaanguka shimoni usishuke kumfuata hata kama ni ndugu yako, ita watu, mvuteni kwa kamba mkiwa juu, maana anayeshuka kuokoa naye anaishiwa pumzi palepale.