Jenereta la nyumbani na waya wa plagi mbili

Umeme ukizimika usiku mtaani, fundi wa laini akifika chini ya nguzo hapandi mara moja. Husikiliza kwanza. Akisikia majenereta yananguruma anajua kazi itamchukua muda mrefu zaidi, maana hana njia ya kujua lipi limefungwa sawasawa na lipi linasukuma umeme kwenye waya anaotaka kuushika. Nimeombwa niandike makala hii kwa sababu malalamiko yamezidi pande zote mbili. Wateja wanalalamika kwamba sisi wa shirika la umeme tunachelewa kurejesha huduma, na mafundi wetu wanalalamika kwamba laini iliyokwisha kukatwa bado wanaikuta ina moto.

Majenereta si mageni kwetu Unguja. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na ule wa kwanza ni wa 1980. Mwaka 2008 waya huo ulipopata hitilafu kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme, kuanzia Mei 21 hadi Juni 18. Disemba 2009 ukazimika tena, safari hii hadi Machi 2010. Waya wa pili, wa megawati 100, ulizinduliwa 2013 na hali ikatengenea. Lakini kuna nyumba zilizofungiwa jenereta katika miezi ile mitatu, haraka haraka, na fundi yeyote aliyepatikana, na mfungo ule ule ndio unaotumika leo. Mashine imebadilishwa mara mbili tatu, waya ni ule ule.

Nao ni huu: waya mfupi wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja unachomekwa kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Ni rahisi, sikatai. Lakini ukichomoa plagi ya ukutani huku mashine inazunguka, kati ya vipini vya plagi uliyoishika mkononi kuna volti 230, na havijafunikwa na chochote. Na pale ambapo meni swichi, yaani swichi kuu ya nyumba, imebaki imewashwa, umeme hauishii ndani ya nyumba yako. Unatoka kupitia mita, unapanda nguzo na kwenda kwenye transfoma.

Transfoma haina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Inapokea volti 11,000 na kutoa 230 kwa wateja, na ukiipa 230 kutoka upande wa wateja itatoa 11,000 upande wa pili. Jenereta lako la kuwasha taa na friji linaweza kumuua mtu aliye mbali na nyumba yako, ambaye hajui hata kama unalo. Tunaambiwa kila mara, “Jenereta langu dogo, likibebeshwa mtaa mzima litazimika lenyewe.” Mara nyingi kweli litazimika. Litabaki linazunguka pale waya ulipokatikia karibu na kwako, tuseme mnazi umeangukia laini mbele ya nyumba. Hapo hakuna mtaa wa kulilemea, kuna kipande cha waya kilicholala chini, na hapo hapo ndipo fundi na watoto wa jirani watakapokwenda.

“Lakini mimi huzima meni swichi kwanza.” Jibu hili nimelisikia mno, na wanaolitoa huwa ni watu makini kabisa, walimu, wahasibu, hata wahandisi. Bwana, unazima wewe. Siku uliyosafiri anazima nani? Kijana wa nyumbani anajua kuvuta kamba ya jenereta, hajui mpango wa swichi uliouweka kichwani mwako. Usalama wa fundi juu ya nguzo hauwezi kutegemea kumbukumbu ya mtu aliyeamshwa saa nane za usiku.

Watu huuliza pia kwa nini mafundi wenyewe wasijikinge. Wanajikinga. Utaratibu ni kukata laini, kufunga swichi kwa kufuli na kutundika kibao, kupima kwa kifaa kuhakikisha hakuna umeme, kisha kuziunganisha nyaya zote na ardhi kwa waya wa ardhi, pande zote mbili za mahali pa kazi. Hatua hazirukwi wala hazigeuzwi mpangilio. Ila kupima kunaeleza hali ya dakika ile tu. Mtu akiwasha jenereta baada ya kipimo na kabla ya waya wa ardhi kufungwa, kipimo hakina maana tena. Ndiyo sababu siku hizi wanapima na kurudia kupima, na nyinyi mnasubiri gizani.

Kinachotakiwa ni swichi ya kubadilisha, ile ambayo mafundi huiita chenji-ova. Ina nafasi tatu: namba 1 ni ya umeme wa shirika, 0 ya katikati haishiki upande wowote, na namba 2 ni ya jenereta. Kwa umbo lake haiwezi kushika pande mbili kwa pamoja. Muulize fundi mambo mawili: kama inakata waya wa moto na nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwa pamoja, na kama ampea zake hazipungui za meni swichi yako. Na jenereta lenyewe lifungiwe ethi, yaani waya wa ardhi. Fundi awe na leseni, akuonyeshe, usione haya kuisoma.

Sasa, mteja akikutwa na waya wa plagi mbili. Tunakata nguzoni, si kwenye mita, na hatumsubiri mwenye nyumba arudi. Mita inafungwa lakiri. Ripoti inaandikwa pale pale ikiwa na namba ya mita, jina la aliyekuwepo na picha, na waya unachukuliwa kuwa kielelezo. Mteja anapewa barua. Ili arejeshewe huduma atarekebisha mfungo kwa fundi mwenye leseni, atapeleka barua ya fundi huyo, atasubiri ukaguzi, na atalipia gharama za kuunganishwa upya. Ukaguzi ukigundua kasoro nyingine, hata isiyohusu jenereta, safari inaanza upya. Lakiri ikikutwa imekatwa, hilo ni kosa jingine na lina faili lake. Akiwa ameumia mtu, faili linakwenda Polisi, na sisi tunabaki mashahidi tu. Wapo wanaokuja ofisini na waraka wa umiliki wa nyumba wakidhani utasaidia. Hausaidii.

Mita za Tukuza, zile za kulipia kabla ya kutumia, nazo hazikutengenezwa kwa mchezo huu. Umeme ukirudi kinyume, mita inaweza kukuhesabia uniti kwa umeme ulioufua mwenyewe kwa petroli yako, au ikajizima ikidhani imechezewa.

Moshi ni habari nyingine, na kwa wenye nyumba ndio hatari zaidi kuliko umeme. Gesi inayoua ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea. Kwetu hiyo ni malaria, mtu anameza dawa na kwenda kulala. Iangalie tofauti: homa hakuna, wanaumwa watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Ukiona hivyo watoe wote nje kwanza, jenereta lizimwe, kisha hospitali, hata kama wanasema wamepona.

Mashine ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha, bomba la moshi lielekee mbali na nyumba, yako na ya jirani. Kufungua dirisha au kuwasha feni hakutoshi. Uwanda wa ndani wa nyumba za Mji Mkongwe si nje, ni kisima, moshi ukiingia unapanda ghorofa zote. Roshani za Michenzani si nje. Chini ya ngazi si nje. Nyumba isiyo na mita hizo sita haina mahali pa jenereta, na hapo shauri letu ni betri.

Petroli mnaijua, ila bado tunakuta dumu la mafuta ya kupikia limejazwa petroli na kuwekwa jikoni. Mashine izimwe na ipoe kabla ya kujazwa. Na fundi asiguse kidhibiti cha mwendo eti taa ziwake zaidi. Volti zikipanda, friji ndiyo inayolipa.

Wenye inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uweze kuwasha vyombo vya nyumbani) na betri wanauliza kama haya yanawahusu, maana mashine zao hazina moshi wala kelele. Moshi hauwahusu. Chenji-ova inawahusu, isipokuwa inverta yenyewe iwe imetengenezwa na kifaa cha kujitenga na laini umeme unapozimika. Inverta ya bei nafuu inayochomekwa kwenye soketi mara nyingi haina kifaa hicho, na kwa sababu haingurumi, fundi aliye chini ya nguzo hatakuwa na chochote cha kusikiliza.