Mnato wa oili: namba kubwa si nguvu kubwa

"Kaka, weka hii ya hamsini, ndiyo ya resi, injini haifi." Maneno haya utayasikia kwenye maduka ya spea hapa Tabora, na ukipanda treni ukashuka Kigoma utayakuta yaleyale. Anayeyasema huwa na nia njema kabisa. Tatizo ni kwamba amechanganya vitu viwili visivyo na undugu, mnato wa oili na ubora wake, na mteja anaondoka na kopo la bei kubwa ambalo injini yake haikuliomba.

Mnato ni ile tabia ya kimiminika kugoma kutiririka. Asali ya Sikonge asubuhi ya Juni haishuki kwenye chupa mpaka uipige kitako. Jua la saa nane likiwaka inamwagika yenyewe. Oili nayo ikipoa inakuwa nzito, ikipata moto inalegea. Dhana yenyewe ni hiyo tu.

Namba zilizo kwenye kopo ni madaraja ya mnato yaliyopangwa na SAE, chama cha wahandisi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Ile W ya 20W-50 inasimamia majira ya baridi ya wenzetu wa Ulaya na Marekani. Namba iliyo mbele yake inaeleza oili itakavyokuwa wakati wa kuwasha injini iliyopoa: 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Namba ya mwisho hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Daraja la 30 huanzia sentistoki (kizio cha kupimia mnato) 9.3 na haifiki 12.5, la 50 huanzia 16.3 na haifiki 21.9. Soma vipimo hivyo vyote, hutakuta mahali panapoulizwa kama oili ni nzuri. Oili duni kabisa inaweza kupata hamsini yake kwa haki.

Ubora unasomwa kwingine, mara nyingi nyuma ya kopo kwa maandishi madogo: herufi za API, taasisi ya Marekani inayopanga viwango vya ubora wa oili. Kwa injini za petroli zinaanza na S, na herufi ya pili inavyosonga mbele kwenye alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya. SN ni ya 2010, SP ni ya 2020. SF ni kiwango cha magari ya miaka ya 1980. Kopo lenye 50 iliyoandikwa kwa wino mwekundu mbele na SF nyuma ni oili nzito ya zamani, basi.

Sasa tuje kwenye hiyo resi, maana ndiyo inayonikera zaidi. Krenki, ule mhimili mkuu wa injini, inapozunguka haitakiwi kugusana na beringi zake. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na utando huo unategemea mwanya ulioachwa, mwendo, mzigo na joto. Injini za Formula 1, zile V6 za lita 1.6 zilizoanza 2014, mianya yake imebana na hutumia oili nyepesi, kwa sababu oili nzito hula nguvu za injini kwa kuisukuma tu na kuongeza joto. Nenda upande wa pili, kwenye magari ya Marekani ya mbio fupi za kunyooka yanayochoma nitromethane, mafuta maalumu ya resi: yanatumia oili nzito sana, kwa kuwa mafuta yasiyoungua huteremka hadi kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na kuipunguza mnato. Zote mbili ni resi. Mtu akikuambia "hii ni ya resi" hajakutajia mnato wowote.

Tena oili nyingi zilizotengenezwa kwa resi hasa zina zinki na fosforasi nyingi za kukinga kemshafti, na kisafisha uchafu kidogo, kwa sababu fundi wa resi huimwaga baada ya mashindano machache. Oili za kawaida za SN za madaraja mepesi zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08, kwa kuwa ikizidi inaharibu kikatalisti cha ekzosi, kile kinachosafisha moshi. Gari linalopiga ruti ya Urambo, Kaliua hadi Nguruka, mwezi baada ya mwezi bila kumwaga oili, linahitaji kisafishaji kuliko kitu kingine.

Utasikia pia kwamba hamsini ni kwa ajili ya joto letu. Kuna ukweli kidogo hapo, lakini oili hufuata joto la injini kuliko la hewa, na thamostati huishikilia injini karibu na nyuzi 90, iwe Tabora au London. Vigari vya Kijapani vya lita 1.3 vyenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili majira ya valvu, vinategemea presha ya oili kufanya kazi hiyo. Ukiviwekea oili nzito kuliko vilivyoundiwa, inachelewa kupanda juu asubuhi, na sekunde hizo za mwanzo ndizo chuma kinalika. Injini kuukuu ambayo beringi zimechoka ni jambo jingine. 20W-50 itainyanyulia presha, na fundi anayekushauri hivyo hajakosea. Ila hapo unafidia uchakavu, hujaongeza nguvu.

Kwa bodaboda kuna la ziada: klachi inaoga kwenye oili hiyohiyo ya injini. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo, la sivyo oili ya gari yenye viambata vya kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze ukiwa na abiria mlimani Kigoma.

Basi, ndugu yangu wa dukani, mteja akiomba oili ya resi, usimcheke wala usikimbilie hamsini. Muulize ni gari gani, injini imetembea kiasi gani, na kitabu cha gari kinasema daraja lipi. Kikisema 5W-30, mpe 5W-30 ya SN au SP, na akilalamika kwamba ni nyepesi mwambie taratibu: nyepesi ni mnato wake, ubora wake umeandikwa nyuma ya kopo.