Bagamoyo walijua kuandika kabla ya wamisionari

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila mara: eti wamisionari walipofika Bagamoyo walikuta watu wasiojua kusoma wala kuandika, wakawapa Kiswahili cha maandishi. Si kweli.

Misheni ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868. Wakati huo watu wa mwambao walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa zaidi ya karne moja. Zipo barua kutoka Kilwa za mwaka 1711, zimehifadhiwa Goa, India. Hata watawala Wajerumani, miaka yao ya mwanzo, walipokea barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi hizo.

Aliyekuwa mwanafunzi hasa ni mmisionari mwenyewe. Alijifunza lugha kwa wenyeji ndipo aweze kuhubiri, huku akizoea joto na homa. Nenda makaburi ya misheni usome miaka kwenye misalaba: wengi walikufa wangali vijana. (Hilo ujumbe ule haulitaji kamwe.)

Mkanganyiko una sababu. Wamisionari walieneza herufi za Kirumi na shule zake, na shule hizo ndizo zilizokuja kuitwa elimu. Aliyesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani akaonekana hajasoma.

Ukitaka uhakika, waulize wazee kama wana hati za zamani za mashamba au barua za babu zao. Na ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze.