Taa ya eabegi imezimika, lakini usitulie

Mimi ni fundi umeme wa magari, Dar es Salaam. Kutwa napokea malalamiko ya vitu vinavyosikika na kuonekana: gari linagonga mbele, AC haipozi, taa ya injini haizimi. Mwenye gari ana haki ya kulalamika. Ila kuna kasoro ya kiwandani ambayo haigongi, haivuji wala haiwashi taa, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Imejificha ndani ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofura ghafla kumkinga aliyeketi mbele gari likigonga.

Dada mmoja aliniletea Corolla ya mwaka 2003. "Fundi, usukani unakwaruza nikikata kona, halafu taa ya eabegi inawaka." Kumbe ni ule utepe wa waya unaojikunja nyuma ya usukani, ulikuwa umechanika. Nikabadilisha, taa ikazimika, dada akafurahi. Kabla hajaondoka nikafungua boneti, nikafuta namba ya chasi kwa kitambaa chenye petroli, nikaiingiza kwenye tovuti ya Toyota Japani. Jibu likaja: kampuni imeliita gari lirudishwe kurekebishwa kwa sababu ya eabegi ya abiria, na kazi haijafanyika.

Nikamuuliza, "Dada, mtoto hukaa wapi ukiendesha?"

"Mbele, hapa pembeni yangu."

Nieleze kilichomo kwenye eabegi. Nyuma ya mfuko wa hewa kuna kopo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, vidonge huungua na gesi yake hujaza mfuko kabla hujapepesa jicho. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia amonia naitreti, kemikali ya mbolea na ya baruti za machimboni. Kemikali hiyo hunyonya unyevu, na kwenye makopo mengi ya Takata hapakuwekwa kitu cha kuukausha. Miaka ikipita, joto la mchana na ubaridi wa usiku huvichakaza vidonge. Siku vikiwashwa vinaungua kwa kasi isiyotakiwa, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinaruka usoni na shingoni mwa aliyeketi mbele. Watu wamekufa hivyo katika ajali ndogo ambazo wangetoka na michubuko tu.

Marekani peke yake makopo takriban milioni 67 yaliitwa kubadilishwa. Walipopanga nani aanze, waliyatanguliza majimbo yenye joto na unyevu kama Florida na Hawaii. Sasa fikiria gari lililoshinda juani Kariakoo au Mombasa miaka kumi. Takata yenyewe ilikiri kosa mahakamani Marekani mwaka 2017 kwa kupotosha matokeo ya majaribio yake, na mwaka huohuo ikafilisika.

Mbona basi taa haikuonya? Kwa sababu kompyuta ya eabegi inapima umeme tu: waya umefika, haujakatika. Hali ya vidonge haiijui. Taa iliyozimika haithibitishi kwamba kopo ni zima.

Na barua ya wito wa kulirudisha gari? Ilitumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa Japani. Huenda wakati huo gari lilishapita mnadani, likapanda meli, likafika kwetu. Yadi moja ya kuuza magari niliyoiuliza ilinijibu kwamba gari "lilikaguliwa". Breki na taa, ndiyo. Namba ya chasi hakuna aliyeitafuta.

Basi itafute wewe. Ipo kwenye kadi ya gari na imegongwa kwenye chuma nyuma ya injini. Iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, hasa kama ni Corolla au Honda Fit ya miaka ya 2000. Ukikuta wito haujatekelezwa, mwandikie wakala wa kampuni hiyo hapa nchini: namba ya chasi, mwaka wa gari, namba ya wito. Andika, usiishie kupiga simu; malalamiko ya mdomo hayaachi kumbukumbu. Na nakusihi usinunue eabegi ya mtumba kwa wauza spea, maana unaweza kutoa kopo bovu ukafunga bovu zaidi. Wala usimwache fundi yeyote alipasue kopo kuona ndani. Lile ni baruti.

Yule dada nilimwandikia namba zote kwenye karatasi. Aliisoma mara mbili, akafungua mlango wa kushoto, akatoa mto wa mtoto wa kukalia, akauhamishia kiti cha nyuma.